Nazi, mtungi wa maji na breki: hesabu za fizikia ambazo mzazi anaweza kumsaidia mwanawe

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyehifadhi kanuni zote za mwendo bila kukosea herufi, kisha akapewa swali la mistari minne akaacha karatasi nyeupe, si mjinga wala si mvivu. Kinachomshinda ni kusoma. Swali la fizikia ni hadithi fupi: kuna mtu au kitu, kilikuwa mahali, kikaenda, kikafika au kikasimama njiani. Asiyeiona hadithi hataijua hesabu, hata akiwa na kanuni mia kichwani.

Hapa Pwani tuna mazoea mabaya ya kuwaambia watoto, na hasa mabinti, kwamba somo hili lina wenyewe. Ukifika wakati wa kuchagua masomo wanaliacha, na wakiliacha wameacha pia uhandisi, urubani, uhandisi wa meli na kazi nyingi za bandarini ambazo wageni huja kuzifanya mbele ya macho yetu. Kisha tunakaa barazani kulalamika. Makala haya ni ya mzazi, shangazi au kaka mkubwa ambaye huenda hakusoma fizikia hata siku moja, lakini anaujua mnazi, amesukuma mkokoteni na amepanda matatu ya Malindi. Hiyo inatosha kuanzia.

Hatua ya kwanza haihitaji kalamu. Mtihani uko kwa Kiingereza, kwa hivyo mwambie mtoto alisome swali kisha akusimulie kwa Kiswahili, kama anakueleza jambo aliloliona njiani. Muulize: Ni nani anayekwenda? Alikuwa amesimama au tayari alikuwa mwendoni? Aliishia vipi? Wanataka tujue nini? Mara nyingi hapo ndipo fundo linapofunguka, kwa sababu nusu ya tarakimu za swali hazikuandikwa kwa tarakimu. Zimefichwa katika maneno. Gari "lililoondoka kutoka kusimama" lina kasi ya mwanzo ya sifuri. Dereva "alishika breki hadi gari likasimama", basi kasi ya mwisho ni sifuri. Ikisemwa "kwa kasi isiyobadilika", mchapuko ni sifuri. (Mchapuko ni kiasi cha kasi kinachoongezeka au kupungua katika kila sekunde, neno hili tumelipata kwenye vitabu vya Tanzania na linafaa.) Na wakisema sakafu ni laini kabisa, wanakuambia usihangaike na msuguano. Mtoto anayelalamika kwamba swali halina habari za kutosha, mara nyingi amezipita bila kuziona.

Baada ya hadithi ndipo ichorwe picha, hata ikiwa mbaya, na pembeni yake yaandikwe yaliyotolewa na linalotafutwa, kila moja na kipimo chake. Kipimo si pambo. Kasi za barabarani tunazisema kwa kilomita kwa saa, lakini kanuni za kazi na nishati zinataka mita na sekunde. Kilomita moja ni mita 1,000 na saa moja ni sekunde 3,600, kwa hivyo ukitaka kutoka kilomita kwa saa kwenda mita kwa sekunde unagawanya kwa 3.6. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde. Kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha magari ya abiria kisheria tangu enzi za kanuni za Michuki, ni mita 22 na kitu kwa sekunde. Hesabu moja, mbili: gari lishapita nyumba tatu.

Mtego wa wastani

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na Kilifi iko karibu na katikati. Tuseme matatu imekwenda kilomita 60 za kwanza kwa kasi ya 80, kisha kilomita 60 zilizobaki kwa kasi ya 40 kwa sababu ya msongamano na matuta. Wastani wake ni upi? Karibu kila mtu atajumlisha 80 na 40, agawanye kwa mbili, aseme 60. Si kweli. Wastani ni umbali wote ukigawanywa kwa muda wote, hakuna njia ya mkato. Sehemu ya kwanza ilichukua saa 0.75, ya pili saa 1.5. Jumla ni saa 2.25. Gawanya 120 kwa 2.25 upate kilomita 53 kwa saa. Gari lilikaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, ndiyo sababu wastani umevutwa chini. Watunga mitihani wanalijua kosa hili na huliwekea chambo.

Nazi inapoanguka

Sasa tuingie shambani. Mkwezi yuko juu ya mnazi wa mita 15, amekata dafu la kilo moja na nusu, na mtoto anacheza chini. Dafu linafika ardhini kwa kasi gani?

Kabla ya kujibu tutenganishe mambo mawili ambayo sokoni tunayachanganya bila hasara. Kilo ni wingi wa kitu chenyewe, na hazibadiliki hata ukikipeleka mwezini. Uzito ni kani ambayo dunia inakivutia kitu hicho, nao hupimwa kwa nyutoni. Kila kilo moja inavutwa kwa nyutoni 9.8, na mashuleni hapa kwetu huchukuliwa 10 ili hesabu iwe nyepesi. Dafu letu basi lina uzito wa nyutoni 15.

Likiwa juu, dafu lina nishati kwa sababu ya pale lilipo. Aliyelipandisha ni mnazi wenyewe, kidogo kidogo, kwa jua na maji ya miaka. Nishati hiyo ni uzito mara urefu: 15 mara 15, jouli 225. Likianguka, nishati ya urefu inageuka kuwa nishati ya mwendo, na tukiacha habari ya upepo, yote 225 inakuwa ya mwendo pale linapogusa ardhi. Nishati ya mwendo ni nusu ya kilo, mara kasi, mara kasi tena. Kwa hivyo 0.75 mara kasi mara kasi ni 225. Kasi mara kasi ni 300. Kasi ni mita 17.3 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita 62 kwa saa. Safari nzima imechukua chini ya sekunde mbili, na hakuna anayepiga kelele "jamani!" na kusikika katika muda huo.

Mtoto mwerevu ataona kwamba angeweza kupita njia nyingine, ile ya kanuni za mwendo: kasi ya mwisho mara yenyewe ni mbili mara mchapuko mara umbali, yaani 2 mara 10 mara 15, nayo ni 300 vilevile. Njia mbili zikikutana kwenye jibu moja, ndiyo njia bora ya kujikagua. Ataona pia kwamba katika njia hii ya pili kilo hazikuonekana kabisa. Dafu kubwa na nazi ndogo iliyokauka zikiachiliwa pamoja zinafika karibu pamoja. Tofauti iko katika kishindo.

Na kishindo nacho kina hesabu yake. Dafu likizama sentimita 5 kwenye udongo kabla ya kusimama, jouli zote 225 zimemalizwa ndani ya mita 0.05. Gawanya: nyutoni 4,500. Huo ni uzito wa magunia matano ya mahindi ya kilo 90, yaliyobanwa kwa kitambo kidogo mahali padogo kama kiganja. Wazee waliokataza watu kukaa chini ya minazi wakati wa kuangua hawakuwa na kikokotoo, lakini hawakuwa mbali na jibu.

Hamali ataudhika

Neno linalowachanganya watoto wetu kuliko yote ni kazi. Katika fizikia, kazi ni kani mara umbali uliosogezwa upande ule kani inakoelekea. Basi. Hamali akiliinua gunia la kilo 50 kutoka sakafuni hadi begani, mita moja na nusu, amefanya kazi ya jouli 750. Kisha akitembea nalo ghala zima, mita 60 za sakafu tambarare kwa mwendo ule ule, kazi aliyolifanyia gunia ni sifuri. Kani ya bega lake inaelekea juu, naye anakwenda mbele. Gunia halijapanda wala halijaongeza kasi.

Mwambie hamali maneno hayo wakati wa kulipwa, uone. Naye ana haki ya kuudhika, kwani jasho lake ni la kweli: misuli inachoma chakula ili ibaki imekaza, na nishati hiyo inatoka kama joto la mwili. Fizikia haisemi kwamba hakuchoka. Inapima kitu kimoja tu, nishati iliyoingia kwenye gunia. Mwanafunzi akilikuta swali hili asijibu kwa huruma.

Akiusukuma mkokoteni mambo ni mengine, kwa kuwa kani na mwendo vimeelekea upande mmoja. Kani ya nyutoni 150 kwa mita 400 ni jouli 60,000, zinazoishia kwenye msuguano wa magurudumu na barabara. Akimaliza kwa dakika tano, yaani sekunde 300, amefanya jouli 200 kila sekunde. Jouli moja kwa sekunde ndiyo wati. Kwa hivyo msukuma mkokoteni yule ni mtambo wa wati 200.

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo. Neno nguvu tunalitumia kwa kila kitu: nguvu ya kusukuma, nguvu ya stima, nguvu za mwili, hata nguvu ya chai. Katika fizikia hayo ni mambo matatu tofauti. Kani ni msukumo au mvuto, nyutoni. Nishati ni akiba ya kufanyia kazi, jouli. Na ile kasi ya kuitumia akiba hiyo ni wati. Ukiona mwanao ameandika jibu la nishati kwa nyutoni, tatizo si kuzidisha. Amechanganya nguvu na nguvu.

Mtungi dhidi ya pampu

Mfano wa maji ni mzuri kwa sababu mitaa mingi ya Mombasa inauishi kila siku. Mchuuzi anapandisha mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya nne, tuseme mita 12. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo uzito ni nyutoni 200 na kazi ni jouli 2,400. Kujaza tangi la lita 1,000 anapanda mara 50, jumla jouli 120,000. Lakini kila mara amejipandisha na yeye mwenyewe. Kama ana kilo 70, hizo ni jouli 8,400 kwa kila safari, zaidi ya mara tatu ya maji aliyobeba. Sehemu kubwa ya jasho lake inapandisha mwili wake, na anaposhuka hairudi.

Pampu ya nguvu-farasi moja ni wati 746. Ingefanya kazi bila hasara, jouli 120,000 zingeisha kwa sekunde 161, chini ya dakika tatu. Pampu halisi hupoteza nyingi kwenye joto na mabomba, kwa hivyo mpe muda mara mbili au tatu. Na yuniti moja ya tokeni ya stima ni jouli milioni 3 na laki 6. Gawanya kwa 2,400: mitungi 1,500 hadi ghorofa ya nne, kwa hesabu isiyo na hasara. Bei ya yuniti moja mnaijua, na ya mtungi mmoja wa maji mnaijua. Sidhani kuna somo la uchumi lililo wazi kuliko hilo, na limetoka kwenye kanuni ya mstari mmoja.

Breki

Nimelibakiza hili kwa sababu ndilo linaloua. Rudi kwenye nishati ya mwendo: kasi mara kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, nishati haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Jambo hili liliwasumbua wakubwa wa Ulaya kwa miaka mingi. Mholanzi Willem 's Gravesande, katika miaka ya 1720, aliangusha mipira ya shaba nyeupe kwenye udongo laini akapima mashimo. Mpira uliofika na kasi maradufu ulichimba mara nne. Mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, ndiye aliyelitetea jambo hilo kwa hoja katika kitabu chake cha 1740, mbele ya wanaume waliokuwa hawataki kusikia. Wanaosema fizikia si ya mabinti wamechelewa karibu miaka 300.

Sasa turudi kwenye barabara yetu. Mtoto wa shule amekatiza ghafla, mita 35 mbele ya gari. Tufanye dereva anatumia sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki, na breki inapunguza kasi ya mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Hayo ni makadirio ya barabara kavu na gari la kawaida.

Dereva wa kwanza yuko ndani ya kikomo cha mjini, kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde. Sekunde ya kushtuka imekula mita 13.9. Kisha umbali wa breki ni kasi mara kasi, gawanya kwa mbili mara mchapuko: 193 kwa 10, mita 19.3. Jumla mita 33. Amesimama na mita mbili zimebaki. Mtoto ameona bampa na anaweza kwenda nyumbani kusimulia.

Dereva wa pili anakwenda 70. Atasema ameongeza 20 tu. Ni mita 19.4 kwa sekunde, na sekunde ya kushtuka imekula mita 19.4. Zimebaki 15.6 za kufungia breki. Kasi mara kasi ilikuwa 378. Breki inatoa 2 mara 5 mara 15.6, yaani 156, zimebaki 222. Kipeuo chake ni 14.9. Anafika pale mtoto alipo akiwa na mita 14.9 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 54 kwa saa. Soma tena. Mahali ambapo wa 50 amesimama kabisa, wa 70 anapita akiwa na kasi kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo mwenzake kabla hajagusa breki. Zile 20 za ziada hazikupungua kutoka juu kama watu wanavyodhani. Sekunde moja ya kushtuka imemla nafasi, na nishati iliyozidi haikupata mita za kuimaliza.

Kwa vijana wa boda boda nina hesabu fupi zaidi, nayo inatumia mnazi ule ule. Kasi ya kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde. Ili kitu kifike ardhini na kasi hiyo lazima kianguke kutoka mita 14. Anayejibamiza ukutani kwa 60 amejitupa kutoka juu ya mnazi. Kwa 30 ni kama mita tatu na nusu, paa la nyumba ya chini. Hakuna abiria ambaye angekubali kuketi bila helmeti juu ya mnazi usio na cha kushikilia, lakini tunapanda watatu.

Swali la leo la kufanya nyumbani, mzazi na mwanawe. Mvua imenyesha na barabara inateleza, kwa hivyo breki inapunguza mita 2.5 tu badala ya 5. Dereva ni yule yule wa kilomita 50, mtoto yuko mita 35. Kwanza: atamfikia kwa kasi gani? Jibu ni kama kilomita 34 kwa saa. Asiyeifikia arudi akaangalie kama alitoa zile mita za kushtuka. Pili, na hili ni la aliyekwisha kufundishwa milinganyo ya kipeuo: angepaswa kuwa anakwenda kwa kasi gani ili asimame kabla ya kumgusa? Umbali wa kushtuka ni kasi yenyewe, umbali wa breki ni kasi mara kasi gawanya kwa 5, na viwili hivyo vijumlishwe viwe 35. Akipata karibu mita 11 kwa sekunde, yaani kama kilomita 39 kwa saa, amepata.